Alipiga besi kwenye nyimbo zilizotikisa dunia, jina lake halikuandikwa

WAZAZI wengi waliokulia kwenye nyumba zenye redio wanazijua sauti za Marvin Gaye, Stevie Wonder na kundi la The Supremes. Wachache wanalijua jina la James Jamerson, ingawa kidole chake kimoja cha shahada ndicho kilichopiga besi kwenye nyimbo nyingi za wasanii hao.

Maisha yake yana funzo kwa familia yoyote yenye mtoto mwenye kipaji, na zaidi kwa familia yenye mtu anayekunywa pombe lakini bado anafanya kazi yake vizuri.

Mtaji wa familia

Mwaka 1959, kijana Berry Gordy wa Detroit, Marekani, alihitaji mtaji wa kuanzisha kampuni ya muziki. Familia yake ilikuwa na mfuko wa pamoja waliouchangia ndugu wenyewe, mfano wa vikoba vinavyojulikana hapa nchini. Ndugu walimkopesha dola 800, na kampuni ikazaliwa. Baadaye ikajulikana duniani kote kwa jina la Motown.

Nyumba aliyoinunua Barabara ya West Grand Boulevard ilikuwa ofisi, studio na makazi kwa wakati mmoja. Leo ni makumbusho.

Waimbaji ndio walioonekana kwenye majalada ya albamu, lakini kazi ilianza kwa watunzi. Ndugu wawili, Brian na Eddie Holland, pamoja na Lamont Dozier, waliandika nyimbo moja baada ya nyingine. Kisha wapigaji wa studio, waliojulikana kama Funk Brothers, waliingia chumba cha chini na kuzipa nyimbo hizo uhai. Jamerson alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa Kisiwa cha Edisto, South Carolina, na mwaka 1954 akaenda kuishi na mama yake Detroit. Huko shuleni ndiko alikojifunza besi kubwa la kusimama, kabla ya kuhamia gitaa la besi la umeme miaka ya 60.

Kwa zaidi ya miaka 10, Motown haikuwa na utaratibu wa kuandika majina ya wapigaji kwenye albamu zake. Mtu angeweza kusikika redioni siku nzima, na jirani yake asijue.

Albamu ya 1971

Hali ilibadilika Mei 1971, Marvin Gaye alipotoa albamu ya What's Going On. Wimbo uliobeba jina la albamu ulianzia kwa Renaldo Benson wa kundi la Four Tops, baada ya kuona polisi wakipambana na vijana California. Gaye naye alikuwa na lake moyoni: mdogo wake Frankie alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam na simulizi nzito.

Inasimuliwa kwamba siku ya kurekodi wimbo huo, Gaye alimfuata Jamerson baa. Alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kukaa kwenye kiti, akapiga akiwa amelala chali sakafuni. Albamu ilipotoka, jina lake lilikuwa kwenye jalada, pamoja na ya wenzake.

Mwaka uliofuata Motown ilihamishia shughuli zake Los Angeles, na wapigaji wengi wa Detroit wakabaki bila kazi. Jamerson alihamia huko pia, lakini muziki ulikuwa umebadilika na simu za kumwita studio zikapungua.

Mwaka 1983, Motown ilifanya onyesho kubwa la televisheni kuadhimisha miaka 25. Jamerson hakualikwa kupiga. Alinunua tiketi na kukaa na watazamaji. Alifariki dunia Agosti 2 mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 47, kwa matatizo ya ini lililosinyaa kwa pombe, moyo na nimonia.

Pombe na anayefanya kazi

Ni rahisi kusema kunyimwa heshima ndiko kulikomuua. Lakini Jamerson alikuwa akinywa sana tangu enzi za mafanikio yake. Kilichowachelewesha watu kuona hatari ni kwamba aliendelea kupiga vizuri.

Hilo hutokea katika familia nyingi. Baba anaamka mapema, analeta mahitaji, analipa ada, basi anaonekana hana tatizo. Ini nalo linaweza kuharibika kwa miaka bila maumivu yoyote. Macho yanapokuwa ya njano, tumbo kujaa maji au mtu kutapika damu, mara nyingi makovu yameshaenea.

Dalili za mapema huonekana nyumbani kabla ya hospitali: anahitaji kunywa asubuhi ili mikono isitetemeke, anaficha chupa, anaahidi kuacha na kushindwa, au anakasirika akiulizwa.

Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asilazimishwe kuacha ghafla akiwa nyumbani. Anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na hata kufa. Apelekwe kituo cha afya, apunguziwe kwa uangalizi. Uraibu wa pombe ni ugonjwa unaotibika, na matusi hayajawahi kuwa dawa yake.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye kipaji

Mtoto anayependa ngoma, gitaa au kinanda asikatishwe tamaa kwa hofu ya ulevi. Afundishwe mapema kwamba kinywaji si sehemu ya kazi hiyo. Mzazi ajue anapiga wapi, na nani, na anarudi saa ngapi. Akianza kulipwa, makubaliano yaandikwe, na jina lake liwepo kwenye kazi aliyoshiriki.

Jamerson aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2000, na mwaka 2002 ikatoka filamu kuhusu Funk Brothers. Heshima ilifika, lakini miaka 17 baada ya mazishi.

Nyumbani heshima haihitaji kusubiri hivyo. Wimbo mzuri ukipigwa redioni, mzazi anaweza kumuuliza mwanawe: "Unajua nani kapiga hilo gitaa?" Kisha wakalitafute jina lake pamoja.