Kamera Haikuona Kidonda

Wagonjwa wengi wanaokuja kliniki kwangu wakisema wana vidonda vya tumbo hawana kidonda. Wanafika na bahasha ya vipimo na mfuko wa dawa: omeprazoli, dawa nyeupe ya maji ya kutuliza asidi, vidonge vya minyoo, antibiotiki za taifodi zilizoishia katikati. Wameshapitishwa mpira wenye kamera kutoka mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na ripoti inasema kila kitu ni sawa. Hata hivyo tumbo linajaa gesi, linasokota, choo leo ni kigumu na kesho ni maji. Ukiendelea kuwasikiliza utasikia na mengine: usingizi unakatika saa tisa usiku, mwili umechoka hata kabla ya kazi kuanza, hasira iko karibu, mambo yaliyokuwa yakifurahisha hayafurahishi tena. Kisha mtu huyo anaambiwa, "Mama, huna ugonjwa, ni mawazo tu," na anarudi nyumbani na tumbo lile lile, safari hii na aibu juu yake.

Mama huyo ni mgonjwa. Ugonjwa wake uko katika mawasiliano kati ya utumbo na ubongo, na kamera inaona ukuta wa tumbo, haioni mawasiliano.

Ndani ya ukuta wa njia ya chakula, kuanzia kwenye umio hadi mwisho wa utumbo mpana, kuna mtandao wa seli za neva zisizopungua milioni 100. Mtandao huu unaweza kusukuma chakula, kutoa majimaji na kubana au kulegeza misuli bila kusubiri amri ya ubongo. Lakini haukai peke yake. Neva kubwa iitwayo vagasi inatoka kwenye shina la ubongo, inapita shingoni na kifuani, inafika tumboni. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba kazi yake ni kupeleka amri chini. Ukweli ni kwamba takribani asilimia 80 ya nyuzi zake zinabeba habari kutoka viungoni kwenda ubongoni. Ubongo unalisikiliza tumbo zaidi ya unavyoliamuru.

Hapa kuna jambo linalopotoshwa mno mitandaoni. Ni kweli kwamba asilimia 90 au zaidi ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo, hutengenezwa kwenye utumbo. Wauzaji wa virutubisho wanalichukua hilo na kusema furaha inatengenezwa tumboni. Serotonini ya utumbo haivuki kuingia ubongoni. Kuna kizuizi kati ya damu na ubongo, na ubongo unajitengenezea yake. Ile ya tumboni inafanya kazi papo hapo ilipo, ikiwemo kusukuma chakula na kuzigusa ncha za vagasi, ambayo ndiyo inayopeleka ujumbe juu. Ikizidi au ikipungua, utumbo unakwenda mbio au unagoma, na ubongo unapata habari za shida mchana kutwa.

Wakazi wengine wa utumbo ni bakteria, wanaokadiriwa kufikia trilioni 38 kwa mtu mzima, hesabu inayokaribiana na ile ya seli zetu wenyewe, ingawa uzito wao wote ni kama robo kilo. Wengi wako kwenye utumbo mpana. Wanakula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na wanatoa asidi za mafuta ambazo ndizo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Nyuzinyuzi zikikosekana, ukuta unadhoofika, na kinga ya mwili iliyoko nyuma yake inaanza kupambana na vitu ambavyo havikupaswa kuifikia.

Kinga inapopambana, hali ya moyo hubadilika. Aliyewahi kuugua malaria anajua kwamba kabla hata joto halijapanda mtu huchoka, hukosa hamu ya kula, hutaka kujifungia na huona dunia nzito. Hizo ni kemikali za kinga zikifanya kazi kwenye ubongo. Madaktari walilithibitisha hilo bila kukusudia enzi za kutibu homa ya ini aina ya C kwa sindano za interferoni: wagonjwa wengi waliingia kwenye sonona wakiwa katikati ya matibabu, wakiwemo ambao hawakuwahi kuwa nayo. Kemikali hizo zikiwepo kidogo kidogo kwa miezi, hakuna homa ya kumpeleka mtu hospitali. Kunabaki uchovu na moyo mzito.

Je, bakteria wenyewe wanaweza kubadilisha tabia? Kwa panya, ndiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria wowote walitoa homoni za msongo kupita kiasi walipobanwa, na walipopewa aina moja ya bakteria wakiwa wadogo hali hiyo ilitulia. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, na wenzao waliwalisha panya bakteria mwingine, wasiwasi ukapungua. Vagasi ilipokatwa, faida ile ikatoweka. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Iliyofuata haikuzunguka: bakteria yule yule alipojaribiwa kwa wanaume wenye afya, matokeo yakachapishwa 2017, hakuwazidi waliopewa vidonge visivyo na kitu. Nalitaja hili kwa sababu kopo la vidonge vya bakteria linaweza kumgharimu mtu wa kipato cha kawaida fedha ya mboga ya wiki kadhaa, na kwa tatizo la hali ya moyo ushahidi wake bado ni mwembamba.

Ushahidi ulio mzito kwa binadamu kwamba utumbo na hali ya moyo huathiriana unatoka kwenye mji mdogo wa Walkerton, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba mbolea ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima cha mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua kuharisha, 7 wakafa. Watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka. Kati ya miaka 2 na 3 baadaye, zaidi ya mtu 1 kati ya 3 miongoni mwa waliougua wazi alikuwa na utumbo unaosumbua bila kidonda wala vijidudu. Miongoni mwa ambao hawakuugua alikuwa 1 kati ya 10. Waliokuwa na wasiwasi au sonona kabla ya kisa kile walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Na nchini Australia, watu waliofuatiliwa kwa miaka 12 walionyesha njia zote mbili: wenye wasiwasi ambao matumbo yao yalikuwa mazima walikuja kupata shida ya tumbo, na wenye shida ya tumbo ambao mioyo yao ilikuwa mizima walikuja kupata wasiwasi na sonona.

Ukisoma habari za Walkerton ukiwa Dar es Salaam, Kisumu au Bukavu, huwezi kuiona kama kioja. Kwetu maji machafu hayaji mara moja katika maisha ya mji, yanakuja na kila masika. Watoto na watu wazima wanaharisha, wanapona, na hakuna anayeuliza utumbo umebaki na nini.

Kinachoniumiza zaidi ni kinachofuata kwenye maabara za mtaani. Mtu anachomwa kidole, anapimwa Widal, anaambiwa ana taifodi. Kipimo hicho kinatafuta alama za kinga, na alama hizo zinaweza kubaki tangu ugonjwa wa zamani au kutokana na vijidudu vingine kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Vivyo hivyo kipimo cha damu cha H. pylori: ni kweli bakteria huyu anasababisha vidonda, na Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuligundua hilo, lakini watu wazima wengi katika ukanda wetu wanaye na wengi wao hawatapata kidonda maishani. Kila jibu chanya linazaa dozi nyingine ya antibiotiki, na kila dozi inaua pia bakteria wa utumboni wasio na hatia. Baada ya muda tumbo linasumbua zaidi ya lilivyosumbua mwanzo.

Uchovu nao usihesabiwe wote kuwa wa mawazo. Minyoo ya safura inanyonya damu polepole. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula inazuia sehemu kubwa ya madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha. Ikisogezwa saa moja au mbili, chuma kinapita. Tumbo lililoshambuliwa kwa miaka na H. pylori, pamoja na matumizi ya muda mrefu ya metfomini ya kisukari, yanaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo unaleta ganzi miguuni, usahaulifu na huzuni. Kipimo cha wingi wa damu ni cha bei nafuu kuliko nusu ya dawa zilizo kwenye ule mfuko.

Kuhusu chakula, jaribio ninalolipa uzito lilifanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2017. Watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu, waligawanywa: nusu walisaidiwa kubadilisha mlo kwa wiki 12, wale mboga, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni, nusu walipata mtu wa kuzungumza naye. Asilimia 32 ya kundi la mlo walitoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la mazungumzo. Ni jaribio dogo, na kila mtu alijua yuko kundi gani, kwa hiyo nalichukua kama dalili njema tu.

Karibu zaidi na sisi ni utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa 2025. Vijana wa kiume 77 walishiriki. Waliozoea chakula cha asili, ndizi, kunde, mboga za majani na nafaka nzima, walihamishiwa mlo wa kimagharibi uliosindikwa kwa wiki 2. Wengine wakafanya kinyume chake. Wengine wakanywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki 1. Waliohamia mlo wa kimagharibi, kemikali za kinga zilipanda na seli zao za damu zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Waliohamia chakula cha asili, na wa mbege, zilishuka. Hali ya moyo haikupimwa, ila njia ni ile ile niliyoieleza kwenye malaria na interferoni.

Kwa hiyo ninapoulizwa, jibu langu linaanzia sokoni. Dona badala ya sembe, mradi mahindi yamekaushwa vizuri, maana sumu ya kuvu hukaa zaidi kwenye ganda. Kunde au maharage kila siku, kwa kuanza na kidogo, kwani utumbo uliozoea sembe utajaa gesi wiki za mwanzo. Viazi vitamu vilivyopikwa vikapoa vina wanga ambao bakteria wanaupenda. Mtindi, maziwa lala, togwa. Vinywaji vya kusafisha tumbo vinavyouzwa kwenye mabasi havina nafasi, vinaharisha tu.

Wenye shida iliyokomaa wanahitaji zaidi ya chakula. Mwaka 2023 jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 463 lilionyesha kwamba amitriptilini kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku, inapunguza dalili za utumbo unaosumbua bila kidonda. Wagonjwa wangu wengi wanaikataa wakisikia kwamba ni dawa ya sonona. Dozi hiyo iko chini sana ya ile ya sonona. Inatuliza neva za utumbo, na inatolewa na daktari baada ya kuangalia moyo na dawa nyingine unazotumia. Mazungumzo ya tiba na mtaalamu wa saikolojia nayo yanasaidia tumbo lenyewe.

Ukienda kliniki, usieleze tumbo peke yake. Sema unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi, lini tumbo lilianza na nini kilitokea nyumbani au kazini kipindi hicho, kama uliwahi kuharisha vibaya kabla, na antibiotiki ulizomeza mwaka huu. Kama unapungua uzito bila kutaka, unapata choo cheusi au chenye damu, chakula kinakwama kooni, au shida imeanza ukiwa umeshavuka miaka 45, yaseme hayo kwanza, kabla ya gesi.