Adabu ya Kunukuu Maneno Yaliyotangulia katika Mijadala ya Barua Pepe

Katika barua za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ilikuwa desturi mwandishi, baada ya salamu, kueleza kwamba waraka aliopelekewa umewasili na yaliyomo ameyafahamu. Ndipo alipoanza kujibu. Kwa watu wawili hayo yalitosha, maana aliyepelekewa jibu ndiye aliyeuliza. Mjadala wa barua pepe unaosomwa na watu ishirini hauna tegemeo hilo. Mmoja hufungua jibu kabla ya kulisoma swali. Mwingine alikuwa safarini juma zima. Hao hawana budi kuonyeshwa ni neno gani linalojibiwa, na ni la nani.

Sarufi ya Kiswahili huizidisha haja hiyo. Mtu akijibu “Hayafai” tu, sentensi yake imekamilika. Lakini katika mjadala wa istilahi, ambamo maneno, majina, maoni na mapendekezo yote ni ya ngeli moja, jibu hilo ni fumbo. Aliyetoa maoni aweza kudhani amekataliwa yeye, kumbe lililokataliwa ni jina moja.

Kinyume cha upungufu huo ni kuburuta barua zote zilizotangulia, pamoja na salamu na sahihi zake, kwa ajili ya kuongeza neno “Naafiki”. Mwongozo wa adabu ulioandikwa na Sally Hambridge, ukatolewa Oktoba 1995 kwa jina la RFC 1855, washika njia ya katikati: anayejibu ama afupishe maneno ya awali mwanzoni mwa jibu lake, ama anukuu kiasi cha kuufahamisha muktadha, asirudishe barua nzima.

Lakini kupunguza kuna hatari yake, na hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Tuseme mtu ameandika: “Mapendekezo yanafaa, iwapo walimu watashauriwa kwanza.” Anayejibu akinukuu “Mapendekezo yanafaa” na kukomea hapo, hakubadili hata herufi moja, na hata hivyo amempa mwenziwe kauli asiyoitoa. Barua ya tatu itanukuu nukuu hiyo, na baada ya siku mbili sharti la walimu litakuwa limesahauliwa. Kwa hiyo kipimo cha kukata si urefu, bali maana: vishazi vya “iwapo”, “isipokuwa” na “ila” havitengwi na kauli vinayoifunga. Palipoachwa maneno huwekwa nukta tatu.

Wataalamu wa lugha wana kishawishi chao cha pekee, nacho ni kusahihisha. Aliyeandika “mtele” au “ndoo” kwa Kimvita hanukuliwi kuwa ameandika “mchele” na “njoo”. Kufanya hivyo ni kumnyang’anya lahaja yake, na pengine ni kuufuta ushahidi wenyewe unaojadiliwa.

Barua iliyopelekwa kwa mtu mmoja ni jambo jingine. Mwongozo uliotajwa wataka ruhusa iombwe kabla ya kuipeleka barua ya faragha kwa kikundi, wala haifai ruhusa hiyo kudhaniwa kwa sababu tu yaliyomo ni ya kitaaluma.

Kuhusu alama, desturi ni kuweka > mwanzoni mwa kila mstari ulionukuliwa, na >> kwa nukuu iliyo ndani ya nukuu, chini ya mstari unaomtaja mwenye maneno. Jibu huwekwa chini ya fungu linalohusika. Programu nyingi siku hizi huliweka juu na kuiacha barua ya zamani chini yake, jambo linalowafaa watu wawili wa ofisi moja kuliko kikundi. Lakini alama zahitaji kuangaliwa kabla ya kupeleka: mstari mrefu ukivunjwa na programu, kipande cha mwisho chaweza kubaki bila alama, nacho kikasomwa kuwa ni maneno ya anayejibu.