Utangulizi: Moto wa Ngozini na Kinga ya Mwili

Ukikaa na wazee wa Maskati, hasa waliokulia upande wa Nizwa au Bahla huko Omani, huenda ukaona kovu dogo shingoni au tumboni. Hilo ni kovu la wasm, tiba ya kuchoma ngozi kwa chuma kilichopashwa moto makaani. Je, mguso wa mara moja mahali padogo hivyo unaufikiaje mwili mzima?

Tuanze na msingi. Mfumo wa neva ni ubongo, uti wa mgongo na neva zinazosambaa hadi ngozini. Mfumo wa kinga ni seli zinazopambana na vijidudu na kusafisha palipoharibika. Kwa muda mrefu mifumo hii ilisomeshwa mbalimbali, kwa hiyo usishangae kama nawe unaiona hivyo.

Kwenye ncha za neva za maumivu kuna protini iitwayo TRPV1, ambayo hufunguka joto likifika kama nyuzijoto 43 za Selsiasi. David Julius na wenzake waliitambua mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini, ule ukali wa pilipili. Ndiyo maana pilipili huunguza mdomo pasipo moto.

TRPV1 ikifunguka, habari hupanda ubongoni. Hapa wanafunzi wengi hukwama: neva hiyohiyo humwaga kemikali palepale ngozini, mojawapo ikiitwa dutu P. Kemikali hizo hutanua mishipa midogo ya damu na kuziamsha seli za kinga. Matokeo yake ni inflamesheni, yaani wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Litazame doa lililoungua: baada ya muda mfupi wekundu huvuka mpaka wa pale chuma kilipogusa. Thomas Lewis, daktari wa Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha 1927 kwamba neva ya ngozi ikikatwa na kufa, wekundu huo wa pembezoni hautokei. Napenda sana ushahidi huu, kwa kuwa unaonekana kwa macho.

Huko juu nako, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa kotisoli, homoni inayopunguza inflamesheni. Tena kuna neva ya vagasi, inayoshuka hadi kifuani na tumboni. Mwaka 2000, kundi la Kevin Tracey lilionyesha kwamba kuichochea neva hiyo kwa panya hupunguza TNF, kemikali inayokoleza inflamesheni. Basi neva zaweza kuichochea kinga mahali pamoja na kuituliza kwingine.

Kuijua njia hii si kuihalalisha tiba. Jeraha la moto huingiza vijidudu. Na manjano ya mtoto mchanga, ambayo baadhi ya familia bado huyatibu kwa wasm, hutokana na dutu ya manjano iitwayo bilirubini, ambayo ini changa halijaweza kuiondoa. Moto wa ngozini hauitoi. Mtoto huyo apimwe damu mapema, na ikibidi awekwe chini ya mwanga maalumu hospitalini, maana bilirubini ikizidi sana hudhuru ubongo.