Majani ya Kaskazi Hukatwa Kipupwe



Uwanda wa Wingwi ni ardhi ya maweni: udongo kidogo juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya mvua huzama haraka kwenye nyufa, na mvua ikikatika majani hukauka upesi. Zamani tulizitegemea masika za Machi hadi Mei na vuli za Oktoba hadi Disemba. Sasa mabadiliko ya tabianchi yameongeza joto, na mvua hazitabiriki. Vuli zikiwa haba, kaskazi ya Januari na Februari humkuta ng'ombe kwenye uwanda mtupu. Maziwa hukatika, ndama hudhoofu, na ng'ombe aliyekonda huuzwa kwa hasara. Kinga yake ni akiba.

Ng'ombe mmoja anahitaji kiasi gani?
Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 200 hula karibu kilo 5 za chakula kikavu kwa siku. Kwa siku 60 ni kilo 300, yaani marobota 15 ya kilo 20.

Namna ya kuweka akiba
1. Kata majani baada ya masika, yanapoanza kuchanua. Yakishakomaa na kutoa mbegu, nguvu yake hupungua.
2. Yaanike siku mbili au tatu, ukiyageuza. Sokota fungu mkononi: likitoa unyevu, bado.
3. Tengeneza kisanduku cha mbao kisicho na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba, jaza, kanyaga sana, kisha funga. Robota lililoshindiliwa vizuri hufika kilo 20.
4. Hifadhi juu ya uchaga, chini ya paa. Akiba haiozi, lakini majani yaliyofungwa mabichi huoza, na yenye ukungu humdhuru mnyama.
5. Usichome mabua ya mpunga bondeni. Yakaushe na uyaweke pia. Yana nguvu ndogo, hivyo yachanganye na majani ya mlusina. Mlusina usizidi theluthi moja ya chakula, kwani ukizidi humdhuru mnyama.

Upe uwanda nafasi ya kupumua
Majani yakiliwa hadi shinani kila siku, mizizi hufupika na jua likizidi hufa. Gawa malisho sehemu tatu, na hamisha kigingi kabla majani hayajaisha. Elewaneni na majirani, maana sehemu uliyoipumzisha wewe ikiliwa na ng'ombe wa mwenzio, kazi imepotea.

Hesabu mapema
Mwezi wa Novemba, kaeni nyumbani, baba, mama na vijana wanaochunga, mhesabu marobota na mifugo. Akiba ikiwa haitoshi, uza mmoja angali mnene, uwaokoe waliobaki. Kwa mbegu za malisho na miche ya mlusina, muulize afisa mifugo wa Wilaya ya Micheweni kabla ya masika.