"Utafiti Umethibitisha": Lakini Ni Utafiti wa Namna Gani?

Maneno "utafiti umethibitisha" hufika kwenye simu za wakaazi mara kwa mara, yakiwa yamebandikwa juu ya ujumbe kuhusu mwarobaini, kitunguu saumu, chanjo au kidonge fulani cha kushusha sukari. Wakati mwingine ujumbe huwa na kiungo cha makala halisi, iliyochapishwa katika jarida la kisayansi na kujaa majedwali na majina ya madaktari. Mzee mwenye presha anaweza kuacha dawa alizoandikiwa kwa sababu ya ujumbe kama huo. Mama naye anaweza kuahirisha chanjo ya mtoto. Hapa tunaeleza jinsi ya kupima uzito wa utafiti kabla ya kuufuata, na msomaji hahitaji kuwa amesomea udaktari.

Tuanze na utafiti uliofanyika hapa kwetu Kilifi, maana unafundisha mengi.

Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitalini akiwa na homa kali, mikono na miguu baridi na moyo unaokwenda mbio alihesabiwa kuwa mtoto ambaye damu yake haizunguki vizuri. Miongozo ya matibabu ya nchi tajiri ilisema apewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, ndani ya saa moja hivi. Hoja yake ilikuwa nzuri na madaktari wengi waliiamini. Hata hivyo, tiba hiyo haikuwa imepimwa kwa jaribio kubwa la kulinganisha katika hospitali za Afrika.

Kuanzia mwaka 2009 hadi Januari 2011, jaribio hilo lilifanyika katika hospitali sita: moja hapa Kilifi, moja Muheza nchini Tanzania na nne nchini Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Makundi mawili yalipewa maji ya haraka ya aina mbili tofauti, moja maji ya chumvi na jingine maji yenye protini iitwayo albumini. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka, bali lilipewa maji polepole kama kawaida. Makundi yote yalipata matibabu mengine yaliyohitajika, kama vile dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu.

Baada ya saa 48, watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini walikuwa wamefariki. Kwa waliopewa maji ya chumvi walikuwa 110 kati ya 1,047. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya haraka, waliofariki walikuwa 76 kati ya 1,044. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri jaribio lisimamishwe, na matokeo yakachapishwa Mei 2011.

Jambo la kushangaza zaidi ni hili: sehemu kubwa zaidi ya watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu katika saa ya kwanza, kuliko wale ambao hawakupewa. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba maji yale yanafanya kazi, na asingekuwa anasema uongo, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoyaona. Bila kundi la kulinganishwa, hakuna ambaye angejua kwamba maji hayo yalikuwa yanaongeza vifo.

(Tahadhari kwa wazazi: jaribio hilo halikuhusu watoto wenye kuhara. Mtoto anayeharisha anahitaji maji. Mpe maji ya ORS na umpeleke kituo cha afya.)

Kwa hiyo, unapoambiwa kwamba watu walitumia dawa fulani wakapona, uliza kwanza: walilinganishwa na nani? Magonjwa mengi hupungua yenyewe kwa siku kadhaa. Mtu akimeza chochote siku ya nne ya mafua, siku ya saba atakisifu. Kisha uliza makundi yaligawanywa vipi. Wagonjwa wakijichagulia dawa wenyewe, wenye pesa au wenye nguvu huweza kujikuta upande mmoja, na tofauti itakayoonekana baadaye itatokana na hali zao wala si dawa. Hii ndiyo sababu ya kupiga kura. Inapowezekana, kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa, na wala mgonjwa wala daktari hajui nani amepewa kipi mpaka mwisho.

Wakenya wa umri fulani wanakumbuka Kemron. Mwaka 1990 ilitangazwa kwa kishindo jijini Nairobi kuwa tiba dhidi ya Ukimwi, wakati ambapo familia zilikuwa zinazika kila wiki na hakukuwa na tumaini jingine. Ripoti za mwanzo zilichapishwa katika majarida na zilieleza jinsi wagonjwa walivyopata nguvu na hamu ya kula. Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na kundi la kulinganishwa nalo. Wagonjwa walikuja hata kutoka nje ya Kenya kuitafuta. Majaribio yaliyofuata, likiwemo moja la Uganda lililotumia dawa na kidonge kisicho na dawa, hayakuona faida yoyote. Sisi tunaona kwamba kila Mkenya anayepokea habari ya "tiba mpya" angefaa kuikumbuka historia hiyo, hasa ugonjwa wenyewe unapokuwa wa kukatisha tamaa.

Swali jingine ni la hesabu. Tukirudi kwenye jaribio la Kilifi, mtu anaweza kuandika kwamba maji ya haraka yaliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 45. Mwingine anaweza kuandika kwamba katika kila watoto 100, yaliongeza vifo vitatu hivi. Wote wawili wanasema kweli, na takwimu ni zile zile. Wauzaji wa dawa hupenda asilimia kubwa. Ukiona "hupunguza hatari kwa nusu", uliza ni nusu ya ngapi. Kutoka wagonjwa 40 katika mia hadi 20 ni habari kubwa, lakini kutoka wawili katika elfu hadi mmoja ni jambo la kufikiriwa pamoja na bei na madhara ya dawa yenyewe.

Utafiti mmoja pia hautoshi, hata ukiwa mzuri. Chandarua chenye dawa tunachokitundika leo kilipimwa Kilifi miaka ya 1990, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa asilimia 33. Kaskazini mwa Ghana jaribio kama hilo lilipata asilimia 17. Ukubwa wa faida ulitofautiana, lakini mwelekeo ulikuwa mmoja. Majaribio mengine yalifanyika Gambia, Burkina Faso na huko Siaya, na yote yakijumlishwa jibu likabaki kwamba chandarua kinaokoa watoto. Mapitio yanayokusanya majaribio yote ya swali moja yana uzito kuliko makala moja ambayo mtu ameichagua kwa kuwa inampendeza.

Vipi kuhusu jina la jarida? Linasaidia, lakini si kinga. Mwaka 1998 jarida la Lancet la Uingereza, lenye sifa duniani kote, lilichapisha makala kuhusu watoto 12 iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji. Makala hiyo ilibatilishwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Denmark ilifuatilia watoto 657,461 na kuchapisha matokeo mwaka 2019: hakuna uhusiano. Hata hivyo ujumbe wa 1998 bado unasambazwa, na wanaousambaza hawataji kamwe kwamba ulibatilishwa. Ukipata kichwa cha makala, kitafute mtandaoni na uangalie kama kina tangazo la kubatilishwa.

Kuna pia majarida ambayo kazi yake ni kukusanya ada kwa waandishi. Huahidi kuchapisha kwa siku chache, na makala hazisomwi na wataalamu wengine kwanza. Kuna vilevile makala zinazowekwa mtandaoni kabla ya kukaguliwa. Hizo zina faida kwa watafiti, ila mgonjwa hafai kubadilisha dawa kwa sababu yake. Soma pia sehemu ndogo ya mwisho inayotaja aliyegharamia utafiti. Pesa za kampuni ya dawa hazifanyi matokeo kuwa ya uongo, lakini zinakupa sababu ya kutafuta utafiti mwingine uliogharamiwa na mtu asiyeuza dawa hiyo. Na kama makala inahusu panya au chembe zilizokuzwa maabara, bado haijasema lolote kuhusu mwili wako.

Kaunti yetu ni mahali pa utafiti, kwa hiyo huenda siku moja wewe au mwanao mkaombwa kushiriki. Sheria inataka utafiti wa afya uwe umeidhinishwa na kamati ya maadili na kupewa leseni ya NACOSTI, na jaribio la dawa mpya liwe na kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Unaweza kuomba kuonyeshwa vibali hivyo. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kukataa, au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza pia jaribio limesajiliwa wapi kabla ya kuanza, kwa sababu usajili huzuia matokeo yasiyopendeza kufichwa kabatini, na uliza ni lini na wapi wanakijiji watarudishiwa majibu.

Ikiwa umepokea ujumbe unaokufanya utake kuacha au kubadilisha dawa, usiache kwanza. Nenda nao kwenye zahanati iliyo karibu nawe, au umwonyeshe mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chako.