Mgonjwa wa kiharusi asiketishwe kutwa, kutembea ni tiba

Na Mwandishi Wetu

FAMILIA nyingi mijini humpokea mgonjwa wa kiharusi anayetoka hospitali kwa kumwekea kiti barazani na kumfanyia kila kitu. Huletewa chakula na maji, na kila anapojaribu kuinuka huambiwa apumzike. Hayo hufanywa kwa upendo, lakini humzidishia ulemavu.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Mguu uliopooza haukuharibika wenyewe. Iliyoathirika ni sehemu ya ubongo inayouamrisha. Sehemu zilizosalia zinaweza kujifunza baadhi ya kazi za ile iliyokufa, ila hujifunza kwa tendo linalorudiwa mara nyingi. Mguu usiotumika hukonda, viungo hukakamaa, na moyo nao hupungua nguvu.

Tatizo hili ni kubwa zaidi mijini. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet Neurology, ulionyesha kuwa, baada ya kuzingatia tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walikuwa wapatao 109.

Wapo wanaodhani kuwa bila mashine za gharama kubwa mgonjwa hawezi kutembea tena. Utafiti wa Marekani uitwao LEAPS, uliotolewa mwaka 2011, uliwahusisha wagonjwa 408. Baadhi walifunzwa kutembea juu ya mashine huku mwili ukishikiliwa kwa mikanda. Wengine walifuatwa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia, wakafanya mazoezi ya kuimarisha misuli na kusimama bila kuyumba, na wakahimizwa kutembea kila siku. Mwaka mmoja baada ya kuugua, asilimia 52 ya wagonjwa wote walikuwa wamepanda daraja la uwezo wa kutembea, na walioshughulikiwa nyumbani hawakuachwa nyuma.

Hata hivyo, haraka nayo ina hasara. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104, ulibaini kuwa walioanza kuinuliwa ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi mengi walikuwa na matokeo duni kidogo baada ya miezi mitatu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kwa hiyo, siku ya kuanza na kiasi cha mazoezi huamuliwa na daktari pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia.

Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2014 unapendekeza mazoezi kama kutembea kwa siku 3 hadi 5 kwa wiki, dakika 20 hadi 60 kila siku. Muda huo unaweza kugawanywa katika vipindi vya dakika 10. Anayeanza atembee umbali mfupi, kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza bila kuhema.

Anayemsindikiza asimame upande uliodhoofika, nyuma kidogo, wala asimvute mkono huo, kwani bega huweza kuteguka. Mkongojo hushikwa kwa mkono wenye nguvu. Viatu viwe vya kufunika kisigino, si kandambili. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda na mguu dhaifu hutangulia wakati wa kushuka. Ua tambarare au ukumbi usio na vitu vya kujikwaa ni salama kuliko kando ya barabara yenye mitaro na bodaboda.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu, na mgonjwa asiziache kwa kuwa ameanza kutembea vizuri. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, asitishe mara moja na aonwe na daktari. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, hicho huenda ni kiharusi kingine. Akimbizwe hospitali bila kungoja kesho.