Bingwa wa Baghdad na Mafundi wa Bao wa Barazani Kwetu



Marehemu mjomba wangu wa Msambweni hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akishakaa barazani baada ya sala ya Alasiri, ubao wa bao mbele yake, hapakuwa na wa kumweza. Walikuja watu kutoka Gazi na Ukunda, wengine hata kutoka Vanga, na wengi wao walirudi makwao wamefungwa ilhali kete zao zingali mkononi. Alikuwa na mwanzo wake mahususi: mwenzake hujiona anakula vizuri, kumbe anavutwa taratibu, mpaka atanabahi safu yake ya mbele haina kitu. Tulipomwomba atufundishe, alijibu neno moja tu: "Tazameni." Tukatazama miaka mingi. Alipofariki, siku chache baada ya khitma, tulikaa pale pale barazani tukajaribu kuupanga ule mwanzo wake. Kila mmoja akakumbuka lake, na wote tukakosa.

Habari hii ilinirudia niliposoma maisha ya Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli, bingwa wa sataranji aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Jina lenyewe la sataranji tumelipokea kutokana na neno la Kiajemi na Kiarabu, na as-Suli ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote wa zama hizo za mwanzo.

Alipata umaarufu katika baraza la Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia mwaka 902 hadi 908. Khalifa alikuwa akimpendelea bingwa wake wa siku nyingi, jina lake al-Mawardi, ambaye si yule mwanachuoni maarufu wa sheria. Wawili hao walipokutanishwa, as-Suli alishinda waziwazi hata upendeleo ukakosa pa kusimama. Baadaye akawa mwalimu na msiri wa Khalifa ar-Radhi. Mwanahistoria al-Mas'udi anasimulia kwamba siku moja ar-Radhi alikuwa bustanini na wenziwe, nao wakawa wanausifu uzuri wa maua. Khalifa akawaambia kuwa uchezaji wa as-Suli wampendeza zaidi kuliko bustani ile na vyote walivyovitaja. Lakini dunia haikumwendea hivyo daima. Ar-Radhi alipofariki mwaka 940, mambo ya as-Suli yaliharibika. Akaondoka Baghdad, akafia Basra akiwa mafichoni, kiasi cha mwaka 946.

Bwana huyu hakuwa mcheza sataranji tu. Aliandika historia ya makhalifa wa Bani Abbas na habari za mshairi Abu Tammam. Kuhusu mchezo wake aliandika vitabu, na humo akazipima fikra za al-Adli, bingwa aliyemtangulia, akakosoa alipoona pana kasoro. Sataranji ya wakati ule ilikwenda polepole: waziri, ambaye leo wengi humwita malkia, aliweza kupiga hatua moja tu ya mshazari. Kwa hiyo mabingwa walifikiri sana juu ya mpangilio: askari wakae wapi, farasi watoke lini, kabla majeshi mawili hayajagusana. As-Suli alikusanya mipangilio hiyo na kuipima. Mwanafunzi wake, al-Lajlaj, aliendeleza kazi hiyo, akaandika kwa kina namna ya kuanza mchezo hatua kwa hatua. Ndiyo maana leo tunaweza kujua as-Suli na wenzake walifikiri nini.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo hakulitia wazi katika maandishi yaliyotufikia. Aliacha fumbo ambalo wenyewe huliita Almasi ya as-Suli: kila upande umebakiwa na mfalme na waziri wake tu, nawe utafute njia ya kushinda. Alijigamba kwamba hapana alilijualo jawabu ila wale aliowafundisha yeye. Basi wanafunzi wale wakafa, na jawabu likafa nao. Fumbo likakaa miaka ipatayo 1,000. Alilifumbua Yuri Averbakh wa Urusi katika miaka ya 1980, naye alikuwa bingwa wa daraja la juu kabisa aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuandika vitabu juu ya hatua za mwisho za sataranji. Yale aliyoyaandika as-Suli yalivuka karne. Lile alilolitia vifuani mwa watu lilipotea.

Nasi je, huku Kwale? Bao letu la Kiswahili si mchezo mdogo. Lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Ndani yake mna fikra ambazo as-Suli angezielewa mara moja. Fundi haharakishi kuivunja nyumba yake, kwa kuwa nyumba ni akiba na ni tishio. Hutakata pale anapolazimika, lakini huhesabu kwanza kete ya mwisho itaangukia wapi. Mara nyingine humwachia mwenzake kete chache azile, ili mkono wake uishie mahali pabaya. Hesabu hizo zote hufanywa kichwani, huku mazungumzo ya baraza yakiendelea.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi juu ya bao. Lakini tungejuaje hayo? Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walipoyakusanya na kuyaandika, mwishoni mwa karne hiyo. Na ubingwa wa mafundi wa bao wa Unguja ulielezwa kwa kirefu na Mholanzi, Alexander de Voogt, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995. Twamshukuru. Lakini mafundi wa Msambweni, Diani na Vanga wamngojee nani?

Huenda mzazi akauliza kama inafaa kuishughulikia michezo kiasi hiki. Wengi katika wanazuoni wa madhehebu ya Shafii waliihesabu sataranji kuwa makuruhu, na wakaiharamisha pindi inapoingia kamari au inapompitisha mtu wakati wa sala. Mipaka hiyo naijua na sikusudii kuivuka. Adhana ikisikika, ubao ufunikwe. Ninalolisemea ni elimu ya wazee, ambayo haina budi kuhifadhiwa kabla haijazikwa.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Chukua daftari la shule. Mashimo manane ya mbele yape nambari 1 hadi 8, ukianzia kushoto kwa mchezaji. Ya nyuma uyape nambari vivyo hivyo, ukiyatofautisha kwa herufi. Babu anapocheza, andika shimo aliloanzia, upande alioelekeza kete, na kama nyumba imelala au imesafiri. Mchezo ukiisha, muulize kwa adabu: "Babu, hapa mbona hukula?" Liandike jawabu lake kama alivyolisema, kwa Kidigo au kwa Kiswahili.

Mjomba wangu sikumuuliza hivyo hata mara moja. Nilidhani kutazama kunatosha, na nilidhani kesho ipo. Wewe ambaye babu yako yu hai, na leo alasiri atatoka kwenda barazani, fuatana naye na daftari lako.